Niliitukana flashi hadharani, sasa sendofu ya mdogo wangu ni usiku

SWALI

Shikamoo Mama. Naomba jina langu lisitoke wala mtaa ninaoishi, maana kazi yangu inategemea kujulikana na baadhi ya wateja wangu ni wasomaji wako.

Mimi ni mpiga picha, nina mume na mtoto mmoja, naishi Dar es Salaam. Nilianza kwa kupiga watoto wa majirani, nikaja familia, halafu wachumba wanaotaka picha za ufukweni kabla ya ndoa. Kazi zangu zote ni za mchana, hasa kuanzia saa kumi na moja jua likishapoa. Nina jicho la mwanga, hilo nalisema bila kujisifu. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijaketi nimeshajua dirisha lipi litaupa uso wake uhai na lipi litamkunjisha macho. Kwenye ukurasa wangu nimeandika kwa herufi kubwa: MWANGA WA ASILI TU. Watu wamenipendea hapo.

Mwaka juzi nikaenda mbali zaidi. Niliweka picha mbili ubavu kwa ubavu, yangu ya dirishani na nyingine ya ukumbini iliyopigwa kwa flashi na mtu mwingine. Sura za watu nilizifuta. Nikaandika kwamba flashi inaua uhalisia, ni mwanga wa uongo kwa watu wasiojua kusubiri jua. Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Sasa Mama, wateja wangu wa ufukweni ndio hao hao wanaofanya kicheni pati, sendofu na harusi, na hizo zote ni usiku. Wananiuliza, nakataa. Wanamchukua mtu mwingine, naye akishapewa usiku anapewa na mchana, maana nani atalipa wapiga picha wawili? Kazi zimepungua hadi nimeanza kuzihesabu kwa mwezi badala ya wiki.

Zamu yangu ya kikoba ilipofika nilienda Kariakoo nikanunua flashi ya mtumba kwa Sh180,000. Mume wangu alikasirika kidogo, nikamwambia nitaiuza. Sijaiuza. Ipo kabatini nyuma ya nguo za mtoto.

Niliijaribu kwenye kicheni pati ya binti wa shangazi yangu, nilikokwenda kama mgeni tu. Nakueleza kilichotoka ili uelewe. Mapaji ya uso yote yanang'aa. Ukumbi ambao watu tuliuchangia mapambo kwa miezi umekuwa giza tupu, kana kwamba tulikuwa nje usiku wa manane. Na bibi harusi mtarajiwa ana weupe chini ya macho ambao mimi kwa macho yangu siku ile sikuuona kabisa. Shangazi aliziangalia kwenye simu, akasema mbele ya watu, “Mbona umetupiga kama tumepakwa mafuta ya kukaangia?” Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Kuna kaka mmoja mzoefu, ana kampuni yake ya picha na video, mtu mzima anayeheshimika. Ameniambia niwe naenda naye Jumamosi usiku, nishike stendi na mwavuli wa flashi, nione anavyofanya. Hatanilipa mpaka nitakapoweza kusimama mwenyewe. Mume wangu kasikia tu, akasema hawezi kulala wakati mke wake yuko ukumbini saa nane za usiku kamshikia mwanaume mwingine mwavuli. Akaongeza, “Wewe umejulikana kwa jua, baki na jua.” Kuna mafunzo ya siku tatu pia, yanatangazwa kwa Sh400,000. Za bure ni zile video za mtandaoni, lakini wanaofundisha ni watu wa Ulaya na Marekani, wanapiga watu weupe kwenye nyumba zenye dari nyeupe. Nikifanya walivyofanya, kwetu haitoki.

Kilichonifanya nikuandikie ni mdogo wangu. Anaolewa Desemba. Sendofu ni Ijumaa usiku, ndoa kanisani Jumamosi saa nane mchana, kisha ukumbini usiku. Mama yetu ameshawatangazia kamati kwamba suala la picha lisiwekwe kwenye bajeti, dada mtu atapiga, ndiyo zawadi yake. Mimi nilikuwepo, nikatabasamu. Mdogo wangu naye alitabasamu.

Mama, kweli flashi siipendi. Lakini nikijifunza sasa nitaonekana kigeugeu. Nisipojifunza nitamwaibisha mama. Nikienda kwa yule kaka nitaivuruga nyumba yangu. Nishike lipi?

Mpenda Jua, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikamcheka shangazi yako, unisamehe. Nilipoirudia nikaacha kucheka, maana umeniuliza kuhusu taa moja kumbe umeleta na ndoa, na mama, na mdogo wako, na maneno uliyoyaandika mwenyewe mbele ya watu. Kila mmoja wao anavuta upande wake, na wewe unatafuta jibu moja litakalowatuliza wote kwa mpigo. Sidhani kama lipo. Tuwatazame mmoja mmoja.

Nitaanza na flashi, kwa sababu baba yangu alikuwa na studio Tanga na mimi nimekulia humo, nikikausha picha kwenye kamba kabla sijajua kusuka nywele. Hilo walau nina cha kusema.

Umeiita mwanga wa uongo. Nakuuliza taratibu: mteja wako anapokuja, si unamsogeza dirishani? Si unamwambia aje saa kumi na moja na siyo saa saba? Si unavuta pazia? Basi mwanga wako nao umepangwa, ila umepangwa na mtu mwenye jicho. Pale Bamako, Mali, kulikuwa na wapiga picha wawili ambao dunia nzima sasa inawajua. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa kimetundikwa nyuma ya mteja. Malick Sidibé yeye alibeba kamera na flashi akawafuata vijana kwenye dansi zao za usiku miaka ya sitini, na flashi ile ndiyo iliyowaonyesha wakiruka na suruali zao pana. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya maisha, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mji ni mmoja na ngozi za watu ni zile zile, ila mmoja alipiga kwa jua na mwenzake kwa flashi. Sijasikia mtu akisema mmoja wao alidanganya.

Hapo nikajiuliza, huyu mwanangu anachukia nini hasa? Ukiwa dirishani unaona kabla ya kupiga. Unamwambia mtu “geuza kidevu kidogo”, unaona kivuli kinahama, unabonyeza. Flashi haikupi nafasi hiyo. Inawaka na kuzima kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Jicho lako, ambalo ndilo mtaji wako, halioni kitu mpaka picha imeshatoka. Yaani ile karama unayojivunia inawekwa pembeni, unaanza kubahatisha kama mtoto wa jana, tena mbele ya mashangazi. Nisingeshangaa mtu akikichukia kitu cha namna hiyo. Ila kuchukia mwanga na kuchukia kurudi darasani ni mambo mawili, na mimi nikiwa huku siwezi kujua lako ni lipi. Inawezekana kabisa huipendi tu. Wapo wapiga picha wanaomaliza maisha yao bila kuigusa flashi na wanakula vizuri. Lakini umeipiga usiku mmoja tu, ukumbini, na kikao kikaishia kwenye kicheko. Huo ni ushahidi kidogo sana wa kuhukumia kitu chochote.

Sasa zile picha za kicheni pati. Umenielezea makosa matatu, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na giza. Picha ya flashi ukumbini ni picha mbili zilizolaliana. Taa za ukumbi na mapambo zinaingia muda wote ambao shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, iko wazi, flashi inaingia kwa kupepesa tu. Ukiharakisha shata unaupunguza ukumbi, flashi haiguswi. Nadhani ulipiga na setingi za mchana: ISO 200, yaani kamera haijaongezewa wepesi wa kuona gizani, tundu la lenzi limebanwa f/8, shata 1/200 ya sekunde. Hapo taa za ukumbi hazikupata nafasi ya kuandika kitu. Ungeishusha shata hadi 1/60, ukafungua lenzi hadi f/2.8 na kupandisha ISO mpaka 1600, mapambo ya shangazi yangerudi yote, na flashi ungeipunguza nguvu hadi 1/16 au 1/32 ikawajaza watu tu. Ubaya wake ni kwamba anayecheza muziki ataacha mkia wa ukungu nyuma yake kwenye picha. Wengine wanaupenda mkia huo. Na usikimbilie upande wa pili ukaipandisha shata kupita kiasi, maana kamera nyingi zikishavuka 1/200 au 1/250 huacha ufito mweusi ubavuni mwa picha, isipokuwa flashi yako iwe na uwezo wa kufuata kasi hiyo.

Mng'ao wa mapaji nao ni suala la mahali taa ilipokaa. Flashi ikiwa juu ya kamera ni kitu kidogo kinachotoka karibu kabisa na jicho la lenzi. Ukumbi una joto, watu wamecheza, jasho na krimu vimekaa juu ya ngozi, mwanga unagonga na kurudi ulikotoka, yaani kwako. Ngozi yetu nyeusi ni tamu sana kwa mwanga mpana wa ubavuni, kwa kuwa uzuri wake unaonekana kwenye kuteleza kwa mwanga, lakini ukiipiga ana kwa ana na taa ndogo inakurudishia madoa meupe. Ndiyo maana yule kaka ana mwavuli. Kazi yake ni kuifanya taa iwe kubwa na kuitoa kwenye uso wa kamera.

Ule weupe chini ya macho, mwanangu, pengine haukuwa wako kabisa. Poda nyingi za kumalizia zina silika au titani, vitu ambavyo kwa macho havionekani lakini vikipigwa na flashi ya ana kwa ana vinarudisha weupe kama ulivyoueleza. Hilo ni la kuzungumza na mpambaji wa bibi harusi. Wapiga picha wenye uzoefu hupiga picha moja ya flashi saluni, bibi harusi akiwa bado kwenye kiti, ili poda ifutwe mapema. Shangazi hajui hayo, na wewe ulibeba lawama zote ukanyamaza.

Kuhusu video za mtandaoni nipo upande wako. Wanakwambia “elekeza flashi darini”, na kwao dari ni nyeupe na iko karibu. Kumbi zetu dari iko juu sana, au imefunikwa vitambaa vya zambarau na dhahabu vya wapambaji. Flashi ikienda kwenye zambarau inarudi zambarau, na bibi harusi wako anapata uso wa mtu anayeumwa. Tena hili la ngozi si jipya. Enzi za filamu za rangi, maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu, zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na ilikuwa miaka ya 1990 ndipo zikaja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Baba yangu alikuwa akipeleka filamu za harusi kusafishwa, zinarudi gauni linaonekana vizuri na bibi harusi kawa kivuli. Nadhani ndiyo sababu wazee wetu walizoea kumwaga flashi yote usoni, bora mtu aonekane. Hao uliowacheka kwenye ukurasa wako walirithi dawa ya ugonjwa huo.

Kama utataka kujua unaipenda au huipendi bila hadhira, kuna jambo la kufanya nyumbani jioni. Tundika shuka jeupe ukutani, mketishe mtoto au jirani ubavuni mwake, halafu ielekeze flashi kwenye shuka, siyo kwa mtu. Shuka linageuka dirisha. Na madirisha unayajua wewe kuliko mimi. Msogeze mtu karibu na shuka, mrudishe mbali, uone: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia unaweza kubaki kama robo. Hapo utajua kwa nini mstari wa mbele kwenye picha za familia hupauka na mababu wa nyuma wakabaki gizani. Huenda ukamaliza jioni hiyo ukasema bado siipendi. Itakuwa sawa, na utakuwa umeipa nafasi.

Sasa baba mtoto.

Umenukuu maneno yake, nikayasoma polepole. Kasema saa nane za usiku. Kasema mwanaume mwingine. Kasema mwavuli. Mimi sijui lipi kati ya hayo linamuuma, na sidhani kama wewe unajua, maana barua haionyeshi kama ulimuuliza. Mume anayeogopa mke wake atarudi na bajaji usiku wa manane akiwa na begi la kamera begani anaogopa kitu cha kweli, mji huu tunaufahamu. Mume anayeona haya watu watasema nini ana shida nyingine. Mume anayehofia kwamba mke akishajua kazi za usiku hatamhitaji tena, huyo naye yupo, ingawa atakuambia habari za saa. Kila mmoja ana mazungumzo yake, na ukimjibu wa kwanza kana kwamba ni wa tatu mtagombana bure.

Halafu ile flashi anayodhani umeiuza. Sikugombezi. Lakini akiikuta mwenyewe kabatini siku mkiwa mnazungumzia Jumamosi usiku, hatawaza flashi tena. Atawaza ni kipi kingine kipo nyuma ya nguo za mtoto. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye utakayeamua anaisikia lini na kwa mdomo wa nani.

Kuhusu kwenda na yule kaka, nakubali kwamba hakuna shule inayoishinda ya kusimama ukumbini na mtu anayejua. Utaona anavyosoma ukumbi akiingia, anapoiweka stendi isigongwe na watoto, anavyofanya MC akiita keki kabla betri hazijajaa. Hayo hayamo kwenye video. Ila kazi ya bure isiyo na tarehe ya mwisho ina tabia ya kurefuka. Unaweza kushika mwavuli mwaka mzima bila kushika kamera. Mtu anayeheshimika hatachukia ukimuuliza: ni mpaka lini, nitapiga nini, nani ananirudisha nyumbani? Na je, lazima iwe usiku? Watu wa picha wana kazi za mchana pia, ndoa za kanisani, mahafali, mikutano ya mahotelini kwenye vyumba visivyo na dirisha hata moja. Flashi inafanya kazi huko vilevile. Wapo pia wapiga picha wanawake, hasa wale wa sherehe za kina mama ambako wanaume hawaingii. Kukaa chini ya mwanamke mwenzako kungempunguzia mumeo swali moja, ingawa saa zingebaki zile zile. Na sijui kama kupunguza maswali yake kwa njia hiyo ni kuyatatua au ni kuyakwepa. Hilo nakuachia.

Yale mafunzo ya siku tatu, kabla ya kutoa laki nne ningependa kujua mambo machache. Watakaopigwa ni watu wa ngozi gani, chumba kitakuwa na giza au ni ukumbi wenye madirisha, na wewe utashika kamera au utaangalia ukutani? Wapo walimu wazuri kweli. Wapo pia wanaouza cheti na chakula cha mchana. Stendi, mwavuli na triga ya kuiwasha flashi kwa mbali vikiwa mkononi mwako, na lile shuka, vitakufundisha kwa kusuasua, na hakuna atakayekuambia umekosea wapi. Kulipia mafunzo ni kununua wa kukuambia. Pengine inafaa, pengine mapema mno.

Nimekaa muda mrefu na habari ya mdogo wako. Umeandika kwamba alitabasamu. Na wewe ulitabasamu. Na mama ameshatangaza. Katika barua yote hii hakuna mahali ambapo bibi harusi mwenyewe amesema anataka nini! Inawezekana anatamani kupigwa na dada yake kuliko mtu yeyote duniani, hata picha zikitoka na kasoro. Inawezekana pia aliziona picha za kicheni pati kwenye simu ya shangazi akaogopa kukuumiza. Au hakuwazia picha hata kidogo, aliwazia wewe utakuwa wapi. Maana siku ya sendofu, dada mkubwa ana kazi zake: kumsindikiza akiingia, kusimama naye kwenye keki, kucheza naye wakati wa zawadi. Aliye nyuma ya kamera hayumo kwenye picha. Je, umewahi kulitafakari hilo ukiondoa suala la flashi?

Njia zipo kadhaa na hakuna iliyo nyororo. Unaweza kuuchukua mchana wote, saluni, maandalizi, kanisani ambako padri wengine hawataki hata kuona flashi wakati wa ibada, na usiku ukaachiwa mtu mwingine. Hapo unatoa kile unachokijua kuliko wote, lakini mama atalazimika kurudi kwa kamati na kauli nyingine, na kuna gharama ambayo mlishaifuta. Unaweza kuchukua vyote na kumweka mpiga picha wa pili usiku, wewe ukiwa unajaribu na yeye akiwa dhamana. Ni ghali, na inahitaji umwambie wazi nani anaongoza, la sivyo mtagongana mbele ya keki. Unaweza kujifunza kwa nguvu zote mpaka Desemba na kuchukua kazi nzima peke yako. Watu wamewahi kufanya hivyo na wakafaulu. Sendofu haina marudio lakini, na kama ukiteleza, atakayekaa na zile picha miaka yote ni yeye. Unaweza pia kumwambia mama kweli kabla ya yote. Hukuniambia mama yako ni mtu wa namna gani akikataliwa, kwa hiyo hapo siwezi kupima aibu unayoiogopa ina uzito kiasi gani. Mama zetu wakati mwingine wanatangaza zawadi kwa niaba yetu kwa sababu wanajivunia, siyo kwa sababu wamepanga kutubana.

Limebaki la kigeugeu. Wanaokufuata kwenye ukurasa hawatunzi kumbukumbu za maneno yako kama unavyozitunza wewe. Wengi wanachotaka kujua ni kama uko huru tarehe kumi na tatu. Unaweza kuyafuta maneno yale kimya kimya. Unaweza kuyaacha ukaongeza mapya siku utakapokuwa na picha ya flashi unayoipenda, ukasema sasa napiga na hivi pia. Unaweza kuyasimamia, kama kweli ndivyo unavyoamini, na ukatafuta namna ya kupata wateja wengi zaidi wa mchana: asubuhi za ubatizo, familia, wachumba, wageni wa hotelini. Njia hiyo nayo ni kazi, na barua yako inasema soko lake limebana kwako, ila hukuniambia umeshajaribu kulipanua au ulikuwa unawasubiri wale wale wa harusi.

Kuna mtu mmoja hukumtaja zaidi ya mara moja. Ile picha ya ukumbini uliyoiweka pembeni ya yako, sura ukazifuta. Mpiga picha anaijua picha yake hata ukifuta nyuso zote, anaijua kwa kona ya ukumbi na kwa kivuli. Sijui ni ya nani. Wewe unajua. Kama ni ya mtu unayeweza kukutana naye, au Mungu apishe mbali ni ya yule kaka mwenye mwavuli, basi kabla ya kumwomba akufundishe huenda kuna neno la kutangulia. Na kama ni yake na bado alikualika ukajifunze kwake, hiyo ingenipa picha ya aina ya mtu unayezungumza naye.

Haraka iliyopo katika yote haya ni moja tu, na haihusu flashi. Kamati za harusi zikishafunga bajeti huwa hazifunguki kirahisi, na wapiga picha wa Desemba huwekwa mapema kwa kuwa kila mtu anaoa mwezi huo. Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba usiku ule utahitaji mtu mwingine, mdogo wako ndiye wa kwanza kusikia, mkiwa wawili tu, kabla ya kikao kijacho. Muulize na ikae hapo, usimsaidie kujibu. Akishasema, niandikie, maana jibu lake linaweza kubadilisha nusu ya haya niliyokuandikia.

Wako,
Mama